Wanaokawia ofisini na wanaowahi nyumbani

SWALI: Nasimamia watu tisa katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani hapa Lubumbashi. Vijana watatu hukaa mpaka saa mbili usiku bila kuombwa, na hutuma ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp hata usiku wa manane. Wamama wawili, ikigonga saa kumi jioni, mikoba iko begani. Nifanye nini ili wote wawe na moyo mmoja wa kazi? (Shefu, Kampemba)

JIBU: Shefu, mioyo waachie wenyewe, wewe panga kazi. Swali hili naletewa karibu kila wiki, na kila mara hukumu imeshatolewa ndani yake: anayekawia anaipenda kazi, anayeondoka ni mvivu. Hukuniambia popote kama faili za hao wamama zina makosa. Kaangalie ni za nani zinazorudishwa na forodha. Katika ofisi moja niliyoisaidia, aliyezima taa kila usiku ndiye aliyekuwa akirekebisha faili zake mwenyewe. Mchana alishinda kwenye simu.

Lori lililokwama mpakani Kasumbalesa halingoji kesho. Kwa hilo weka zamu ya jioni yenye daftari la makabidhiano, na izunguke kwa wote. Usimtwishe kijana kila siku eti hana watoto. Anayerudi Ruashi kwa taksibasi umpatie usafiri. Kuandaa faili ni jambo lingine: anayetaka aanze alfajiri. Na ujumbe wa usiku usiohusu lori ulale mpaka asubuhi.

Lakini najua kuna kocha ameshakupigia, mwenye semina ya siku moja hotelini, chakula na cheti juu. Atawaimbisha "sisi ni familia". Wakubwa wanalipenda neno hilo kwa sababu ndugu hadai saa za ziada. Mfanyakazi anadai. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 imeweka saa 45 kwa wiki. Zikizidi, 6 za kwanza zinaongezewa asilimia 30, zinazofuata 60, na za siku ya mapumziko 100. Semina haifuti hesabu hiyo, wala kusema "sikumwomba" huku kazi yake ya usiku umeipokea ukamshukuru mbele ya wenzake.

Hao vijana watatu unaowasifu, siku mkikosana, watakwenda kwa mkaguzi wa kazi na ule ujumbe wote wa usiku wa manane kwenye simu, saa na dakika.