Fundi wa Majiko Anajibu: Tochi Kwanza, Kiberiti Baadaye

Swali: Shikamoo mzee. Jiko langu la kuni, lile la chuma cha kusubu lenye bomba, halijawashwa kwa miezi saba. Sasa baridi inarudi. Jirani ananiambia niwashe moto mdogo tu: nikiona moshi unavuja nijue lina kasoro, nisipouona niendelee. Ni sawa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jirani ana nia njema, ila ushauri wake usiufuate. Jiko likiwaka vizuri, bomba huvuta kwa nguvu, na ufa badala ya kutoa moshi huingiza hewa. Hutaona moshi wowote. Utakachoona ni moto usioshikika: unafunga tundu la hewa, wenyewe unazidi kunguruma. Halafu usiku, makaa yakipungua na mvuto wa bomba ukalegea, ufa uleule unaweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayoua, chumbani. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na wewe umelala.

Hili la moto usioshikika lilinipata mwenyewe. Niliwahi kununua jiko kuukuu lililopakwa rangi nyeusi ya kupendeza, nikalikagua mchana kweupe, nikaridhika. Wiki ya kwanza tu likawa halinisikii. Naziba hewa, bomba linaiva jekundu. Nikaliacha lipoe, nikatia tochi ndani, nikazima taa. Mgongoni, kona ya chini, ukajitokeza mstari wa mwanga mwembamba kama unywele, urefu wa kidole. Rangi ilikuwa imeuficha mpaka joto lilipoibabua.

Basi fanya hivyo. Zoa majivu yote kwanza. Yalitakiwa kutoka mara tu baridi ilipoisha, maana hunyonya unyevu na kuleta kutu, lakini yaliyopita si ndwele. Giza likiingia, weka tochi kali ndani, funga mlango, ziba kioo kwa kipande cha boksi, kisha zunguka jiko taratibu. Mwanga ukipenya kwenye maungio ya mabamba, ni saruji ya jiko iliyobanduka: kwangua, jaza upya, iache ikauke. Ukipenya kwenye bamba lenyewe, huo ni ufa, na jiko lisiwashwe mpaka bamba libadilishwe. Usikubali fundi akupakie saruji juu yake. Chuma kikipanuka kwa joto, itang'oka.

Mlango nao una kamba inayoziba moshi. Bana kipande cha karatasi mlangoni, funga, kisha vuta. Kikikataa, vizuri. Kikiteleza bila kukwama, kamba imekufa au komeo limelegea. Rudia pande zote nne, kwani kwa kawaida kamba huchakaa upande mmoja kabla ya mingine. Kama jiko ni la miaka mingi sana, kamba ya asili huenda ina asibesto, nyuzi ambazo vumbi lake huharibu mapafu, kwa hiyo usiichokonoe. Mwite anayeijua kazi hiyo.

Matofali ya ndani yasikutie hofu. Nyufa nyembamba ni za kawaida. Badilisha lililomeguka, au lenye ufa unaoonyesha chuma nyuma yake.

Sehemu ambayo wengi huisahau ni bamba la juu ndani ya jiko, lile linalozuia moto usikimbilie bombani. Vaa glavu, lipapase. Likiwa limepinda au limetoka mahali pake, joto lote linaingia bombani. Juu yake masizi hujikusanya mpaka njia ya moshi inabaki kama tundu la panya.

Kisha bomba. Kwangua ndani kwa kijiti: tabaka la masizi likifika milimita 3, lisafishwe kabla ya moto wa kwanza. Masizi ya unga hutoka kwa brashi. Yale meusi yanayong'aa kama lami hayatoki kwa brashi, na ndiyo yanayoshika moto ndani ya bomba. Hayo mwachie mtaalamu. Angalia na kule juu, ndege hupenda kujenga viota.

Mwisho jaribu king'ora cha kaboni monoksaidi. Kama huna, nunua kabla ya kuni.

Swali: Kioo cha jiko langu kimekuwa cheusi, na pembeni kuna ufa mdogo. Nikisugue kwa kitu gani?

Jibu: Usikisugue, kibadilishe. Tena si kwa kioo cha dirisha, kitapasuka. Omba kioo cha jiko, kinachostahimili joto. Hicho kipya kikianza kuwa cheusi, chunguza kuni zako: zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 20, au ukibana hewa mno, kioo lazima kijae masizi. Kukisafisha, subiri kipoe, chovya gazeti lenye majimaji kwenye majivu laini, pangusa.