Uliza Anti: Kila Januari naandika "najenga", Desemba bado nimepanga chumba

Shikamoo Anti. Mimi ni dereva boda hapa Mbagala. Pikipiki nilichukua ya mkataba, nikawa napeleka elfu kumi kila siku kwa tajiri mpaka nikamaliza mwezi wa nane, sa hivi ni yangu na kadi ninayo. Kiwanja ninacho Chanika, 20 kwa 20. Shida ni kwamba mwaka wa tatu huu kila Januari naandika kwenye simu "mwaka huu najenga" na sijanunua hata tofali moja. Nikitoa mafuta na msosi nabaki na kama elfu kumi na tano, siku nzuri ishirini, ila ikishaingia kwenye simu sijui inaishia wapi. Washkaji kijiweni wanasema sina nidhamu. Naanzia wapi Anti?
Boda, Mbagala

Marahaba mwanangu, na hongera kwa huo mkataba, maana kuna wanaonyang'anywa pikipiki zikiwa zimebaki wiki mbili tatu wamalize.

Hao washkaji wasikusumbue. Mtu aliyepeleka elfu kumi kila siku, mvua jua, mpaka akakabidhiwa kadi, nidhamu anayo. Ila ebu angalia ule mkataba ulivyokuwa: kiasi kinajulikana, kinatoka kila siku, kuna mtu anakisubiri jioni, na usipopeleka unajua kabisa kitakachokukuta. Halafu weka pembeni yake hiyo "mwaka huu najenga" yako. Unajenga nini, cha shilingi ngapi, inatoka siku gani, na nani anakudai? Hakuna. Hela yako inaingia kwa siku, lengo umeliandika kwa mwaka, yatakutana wapi? Na nikuulize kidogo tu, ile elfu kumi ya tajiri tangu mwezi wa nane inaenda wapi, maana ilikuwa inatoka na ulikuwa unakula na kodi unalipa.

Sasa tajiri wako mpya ni kiwanja. Usimpe kumi, mpe tano, kwa sababu pikipiki sasa ni yako na tairi, cheni, oili, vyote juu yako, hiyo tano nyingine tenga ya service na usiiguse kwa habari za ujenzi. Elfu tano kwa siku 26 za kazi ni laki na thelathini kwa mwezi. Tuseme tofali ya inchi sita huko kwenu ni 1,300, basi ni tofali 100 kila mwezi. Chumba na sebule vidogo tu, futi kumi kwa kumi, pamoja na msingi, weka makadirio ya tofali 800, fundi wako akubishie mwenyewe akishapima. Hiyo ni miezi minane. Kwa hiyo futa "najenga" kwenye simu, andika "tofali 800 kufikia mwezi fulani, elfu tano kila jioni kabla sijapaki". Nondo, fundi na bati havijaingia humo, najua, hiyo ni awamu nyingine na utaipigia hesabu yake ukifika, ukianza kuwaza bati leo utakata tamaa uishie kwenye kubeti.

Hela isikae kwenye simu. Kama kijiweni mna kikoba nunua hisa kila wiki, kama hamna weka kibubu cha mbao kisicho na mlango, na kikae kwa mtu ambaye ukimfuata saa tatu usiku atakuuliza maswali, mama mzazi anafaa sana hapo. Kila mwisho wa mwezi hela inatoka inakuwa tofali. Saruji usinunue mapema jamani, watu wanarundika mifuko chumbani miezi na miezi siku ya kujenga wanakuta imeganda mawe. Na tofali usizimwage kiwanjani kama hakuna jirani wa kukuangalizia, zitaota miguu. Kama muuzaji unamwamini ziache kwake, lakini kwa maandishi yenye idadi, tarehe na sahihi.

Kitu kingine, mabaya yapangie mapema. Masika yakianza Machi mpaka Mei abiria wanapungua unajua mwenyewe, na Januari ina ada. Kuna mwanasaikolojia Mjerumani anaitwa Peter Gollwitzer, mwaka 1999 aliandika kwamba mtu anayepanga kabisa "ikitokea hivi nafanya hivi" ana nafasi kubwa ya kutimiza kuliko anayetamani tu. Kwa hiyo andika: mvua ikinyesha kutwa naweka elfu mbili badala ya tano, mtoto akiumwa nasimamisha wiki moja, Jumatatu inayofuata naendelea bila kufidia. Kufidia ndiko kunakoua, unajikuta unadaiwa elfu arobaini na nafsi yako mwenyewe unaamua bora uache. Miezi minane ikiwa kumi hakuna atakayekufunga.

Anti, mimi ni mama wa watoto wawili, Morogoro, nauza genge. Niliishia form one, nataka kufanya QT, ule mtihani wa kufuzu, halafu form four, lengo langu ni division one. Kila nikishika kitabu usiku nalala. Nifanyeje?
Mama Genge

Mdogo wangu, umeamka alfajiri kufuata nyanya sokoni halafu unataka kusoma saa nne usiku, lazima ulale. Hapo gengeni kuna muda wateja hawapo, kwa wengi ni saa nane mpaka saa kumi hivi kabla watu hawajaanza kununua mboga za jioni, basi kitabu kikae hapo chini ya mizani. Dakika arobaini, somo moja kwa siku, mteja akija muuzie urudi.

Division one iweke pembeni kwanza, hiyo utaiwaza ukishavuka QT. Usajili wa Baraza la Mitihani, NECTA, wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo wiki hii nenda kituo cha mitihani kilicho karibu nawe, uliza ada ni shilingi ngapi na mwisho wa kulipa ni lini. Ukirudi na tarehe, hesabu wiki zilizobaki, gawa ile ada kwa wiki hizo, na uanze kuitoa kwenye mauzo ya genge kabla hujaenda kununua mzigo.