Kodi ya sigara na kubeti: ni haki, au maskini anakamuliwa?

SWALI: Mhariri habari za majukumu. Mimi ni mvutaji wa miaka mingi, sijifichi. Kila bajeti ikisomwa sigara lazima ipande, na tunaambiwa eti ni kwa ajili ya afya zetu. Sasa kama wanatujali kweli si waipige marufuku yaishe? Alafu mimi wa kipato cha chini nalipa ushuru sawasawa na bosi anayevuta pakiti ile ile. Naomba unijibu ukweli, hii ni haki?

JIBU: Ndugu yangu, ukweli wangu ni huu: kuitoza sigara ni haki, ila hela inavyotumika baada ya hapo mara nyingi siyo haki.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1604 mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, ambaye alikuwa anaichukia tumbaku hasa, alipandisha ushuru wake kutoka peni 2 kwa ratili hadi shilingi 6 na peni 10, lengo watu waache. Hawakuacha, magendo ndo yakanoga. Mwaka 1776 Adam Smith, mwanauchumi wa Scotland, akaja na hoja nyingine, kwamba sukari, ramu na tumbaku si vitu vya lazima kwa maisha ila karibu kila mtu anavitumia, kwa hiyo vinafaa sana kutozwa kodi. Yani mmoja anataka uache, mwingine anataka mapato, na serikali nyingi mpaka leo zinaongea kama James huku zinapiga hesabu za Smith. Unahisi kuna kitu hakijakaa sawa na hujakosea.

Marufuku imejaribiwa. Bhutan, nchi ndogo inayopakana na India, ilizuia kuuza tumbaku mwaka 2004, watu wakaendelea kuvuta za magendo kutoka India, ilipoingia korona serikali ikaogopa wapitisha magendo wataleta na ugonjwa mpakani, mwaka 2021 sheria ikalegezwa. Kwa hiyo hilo la "waifute tu" mimi siliungi mkono.

Kuna hoja inapendwa sana kwamba mvutaji anaitia hospitali hasara hivyo alipe. Siitumii. Mwaka 2001 kampuni ya sigara ya Philip Morris iliagiza ripoti kuhusu Jamhuri ya Cheki, ikapiga hesabu kwamba mvutaji akifa mapema serikali inaokoa hela za pensheni na za kumtunza uzeeni, watu wakaja juu na kampuni ikaomba radhi. Haki ukiijenga juu ya hesabu za gharama peke yake, ipo siku hesabu itakwambia kifo cha mtu ni faida.

Mimi nasimama kwenye madhara kwa wengine na kwenye watoto. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuwa wavutaji, walivuta moshi wa wenzao tu. Alafu wengi wanaanza wakiwa bado hawajafikisha umri wa kuamua, wakija kupata akili mwili umeshazoea nikotini. Bei inawazuia kuanza, hili limepimwa sana: sigara ikipanda 10%, matumizi yanashuka kama 4% kwenye nchi tajiri na kama 5% kwenye nchi za kipato cha kati na cha chini. Na wanaopunguza zaidi ni vijana na maskini.

Hapo ndo penye uchungu wako. Maskini akiacha, amefaidika kuliko tajiri. Asipoweza kuacha, anaumia kuliko tajiri, maana hela ile ile kwake ni sehemu kubwa ya riziki. Wewe upo kundi la pili na huwezi kuambiwa tu "si uache", uraibu si ukaidi. Kwa hiyo hela lazima imrudie aliyeitoa. Ufilipino mwaka 2012 walipitisha sheria ya kupandisha ushuru wa sigara na pombe, sehemu kubwa ya mapato ya ziada ikaelekezwa kwenye afya, ikiwemo kuwalipia bima familia maskini. Thailand tangu 2001 wanaongeza 2% juu ya ushuru wa pombe na tumbaku, inaenda moja kwa moja kwenye mfuko wa kukuza afya. Sasa kama wewe unalipa miaka yote hiyo na ukienda kituo cha afya hakuna hata mtu wa kukushauri namna ya kuacha, wala dawa za kupunguza hamu, basi umekamuliwa, na una haki ya kulisema hilo kwa sauti.

SWALI: Dada mhariri, mume wangu anabeti kila siku, mikeka (tiketi za kubeti) inachanika, anapoteza na hakomi. Nasikia kodi ya kubeti itapanda. Itamsaidia?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Sitegemei imsaidie.

Sigara ina bei unaiona kabla hujanunua, kubeti bei yake imejificha. Kodi ikikatwa kwenye ushindi, mume wako ataiona siku akishinda tu, na siku nyingi hashindi. Ikikatwa kwenye mapato ya kampuni, yani madau yote ukitoa yaliyolipwa washindi, yeye haioni kabisa. Uingereza mwaka 2001 waliacha kutoza dau, ambapo mchezaji alikuwa anakatwa 9%, wakahamia 15% ya faida ghafi ya kampuni, kwa mchezaji kubeti kukawa rahisi zaidi. Ikikatwa kwenye dau anaiona, lakini mtu anayekimbiza hela aliyopoteza jana anaongeza dau.

Na hela nyingi ya biashara hii inatoka kwa wachache wanaopoteza sana. Serikali ikishazoea mapato hayo inakuwa mbia wa uraibu wa mumeo, kadri anavyozama ndo bajeti inavyonona. Kampuni zitozwe, tena vizuri, ila kinachomlinda mtu ni kubana matangazo, kuweka kikomo cha kuweka hela kwa siku, na kumruhusu ajifungie akaunti asiweze kurudi.

Hilo la mwisho muombe alifanye leo kama kampuni yake inayo huduma hiyo, na umuombe siku ambayo mkeka haujachanika, siyo katikati ya hasira. Hela ya kodi ya nyumba na ada iwe mkononi mwako kabla ya kitu kingine. Na madeni yake usiyalipe kimya kimya, ukilipa bila yeye kujua ataona bado ana nafasi ya kukopa tena.