Muhali umetumaliza

Juzi kijana mmoja wa Mkoani, Pemba, kaniandikia: "Dada, kazini kwetu mambo hayendi sawa, lakini anayeyafanya ni ami yangu. Nifanyeje?" Nimekaa siku mbili sijamjibu. Jibu ninalo, ila linaniuma mpaka leo.

Mamangu analima mwani, kaskazini ya Pemba. Kilimo hiki kimeingia visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na wengi wanaokifanya ni wanawake. Maji yakitoka bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, wanashuka na vigingi na kamba, wanainama na jua lao mgongoni, na baada ya wiki kama sita wanavuna, wanaanika, wanaingoja gari ya mnunuzi. Mnunuzi wa pwani yetu alikuwa na mpimaji wake, na mpimaji huyo ni shemeji yangu, mume wa binti wa mama mdogo. Mtu wa watu. Kila akija anateremka na mkate wa kumimina kwa ajili ya mamangu.

Nilikwenda likizo nikamkuta mama anahesabu pesa mara ya tatu. Magunia yalikuwa yale yale, pesa imepungua. Nikamuuliza, akasema, "Ndiyo bei hizo." Bei haikushuka, nilikuwa naijua. Asubuhi yake nikachukua dukani, kwa mkopo, gunia la mchele la kilo 25 ambalo halijafunguliwa, nikalibeba kichwani mpaka pwani. Wanawake wakacheka wakidhani nimeleta futari mapema. Nikamwambia shemeji, "Hebu nipimie huu." Akacheka na yeye, akautundika. Mshale ukatikisika, ukasimama kwenye 22.

Kilo tatu. Ukipeleka kilo 100, 12 zinabaki kwenye mizani, na bado alikuwa anakata mbili kwa kila gunia, "za mchanga".

Pwani nzima ilinyamaza. Nilikuwa nategemea watapiga kelele. Bi mkubwa mmoja akanivuta kanzu: "Mwanangu, huyu si mkwe wenu? Muhali." Hapo ndipo nilipolielewa neno hili: kumstahi mtu wako mpaka ukashindwa kumwambia kosa lake. Kumbe walikuwa wanajua! Walijua miaka, na kila mmoja alikuwa anamwonea mwenziwe muhali. Msitwambie Wazanzibari tunanyamaza kwa woga tu. Serikali tunaweza kuisema barazani kutwa, kahawa ikaisha na kashata ikaisha. Wa kwetu ndiye hatumsemi.

Nilisema. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, na hilo ndilo kosa langu, nakiri. Mnunuzi hakuonekana bamvua mbili, mwani ukakaa ndani, na wale wale niliowatetea wakanipita njiani bila ya salamu. Nilirudi Unguja nimevimba uso. Baadaye tajiri mwenyewe alikuja na mizani mpya na mpimaji mwengine. Hakuna aliyeniambia ahsante, na sikuwa nangoja (uongo, nilikuwa nangoja).

Basi kijana wangu, pima kwanza. Usende na "nimesikia". Nenda na gunia lako la mchele, kitu ambacho mtu hawezi kukibishia. Halafu kamwite ami yako pembeni, mwambie ninyi wawili, kwa adabu, kabla ya watu. Mimi hatua hiyo niliiruka. Akikataa, tafuta mtu wa pili wa kusimama nawe. Lakini pima kwanza, narudia.

Na usinambie "mimi nani". Mwaka 1951 wakulima wa Kiembesamaki, Unguja, walikataa ng'ombe wao kuogeshwa na kuchanjwa kwa lazima. Hawakuwa na cheo. Walikamatwa, na watu wakauliwa kwa risasi za polisi. Wao walikabili bunduki, sisi tunaogopa mkate wa kumimina. Chuoni, kwenye Kurani, sote tumefundishwa: ukiona uovu uondoe kwa mkono wako, ukishindwa kwa ulimi, ukishindwa kwa moyo, na huo ndio udhaifu wa imani. Sisi tumehamia moyoni jumla, tumejenga na nyumba. Mtoto anadhalilishwa mtaani, muhali. Shamba la yatima linauzwa, muhali. Kesi inakwenda mahakamani, shahidi hatokei, kwa sababu mshtakiwa ni jirani. Huo muhali unamstiri nani? Yatima hakuna anayemwonea muhali.

Ule mchele tuliufungua Idi. Mama alipika pilau, akapakua sahani ya kwanza akampelekea mama mdogo, kama kila mwaka. Sahani imerudi siku ya tatu, kaileta mtoto. Ilikuwa tupu.