Roboti Isiyojua Ilipo: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kihisi cha Mahali

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, ninaishi Sakina, Arusha. Mimi na mdogo wangu tumeunda roboti ya magurudumu mawili, yenye kagurudumu ka kuegemea nyuma, inayoongozwa na Arduino Uno na kupata umeme kwenye betri mbili za lithiamu tulizozitoa katika kompyuta mpakato iliyokufa. Mjomba alituletea kihisi kiitwacho OTOS cha SparkFun ili roboti ijue ilipo ndani ya chumba. Tumekifunga, lakini tumekwama kwa mambo matatu. Kwanza, Arduino wakati mwingine inakiona na wakati mwingine haikioni, na mota zikianza kuzunguka namba zinaganda. Pili, roboti ikijizungusha palepale nusu mzunguko, kihisi kinasema imehama sentimita 12. Tatu, kuna siku roboti imetulia kabisa sakafuni lakini pembe inaendelea kuongezeka yenyewe. Je, kihisi ni kibovu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa dalili ulizozieleza naamini kihisi chenu ni kizima, kwa sababu kila dalili ina chanzo chake kinachojulikana, na vyote vitatu vimo katika namna mlivyokiunganisha, mlivyokifunga na mnavyokiwasha. Msikirudishe kwa mjomba.

Ni vyema kwanza mjue kinavyofanya kazi. Ndani ya kibao hicho kuna chipu mbili. Ya kwanza, PAA5160E1, huangaza sakafu kwa leza na kufuatilia jinsi alama ndogo ndogo za sakafu zinavyopita chini yake, kama ifanyavyo kipanya cha kompyuta juu ya meza. Ya pili, LSM6DSO, ina jairoskopu ya kupima kasi ya kugeuka na kipima mchapuko. Kibao chenyewe huchanganya habari za chipu zote mbili na kukupa mambo matatu yaliyokwisha kukokotolewa, yaani umbali wa X, umbali wa Y na pembe ambayo roboti imeelekea. Faida yake kubwa ni kwamba hakihesabu mizunguko ya magurudumu, hivyo gurudumu likiteleza hakidanganyiki.

Sasa nyaya, na hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo dalili yenu ya kwanza ilipo. Kihisi kinahitaji nyaya nne tu: nyeusi ni hasi, nyekundu ni volti 3.3, ya bluu ni SDA inayobeba data, na ya njano ni SCL inayobeba mapigo ya saa. Kwenye Uno, SDA huingia pini ya A4 na SCL pini ya A5. Waya mwekundu uende kwenye pini iliyoandikwa 3.3V, na kamwe usiende kwenye 5V, hata kwa sekunde moja ya kujaribu, kwa sababu kihisi hiki ni cha volti 3.3.

Lakini kuweka waya mwekundu mahali sahihi hakutoshi. Uno huzungumza kwa volti 5, na maktaba yake ya I2C (programu iliyoandaliwa tayari ya mazungumzo yanayopita kwenye nyaya hizo mbili, SDA na SCL) inapoanza huwasha rezista za ndani zinazovuta nyaya za data kuelekea volti hizo 5, wakati kihisi kinazishikilia kwenye 3.3. Zaidi ya hapo, chipu ya ATmega328P iliyomo ndani ya Uno huhakikishiwa kutambua “moja” kwenye nyaya za I2C pale tu volti inapofika asilimia 70 ya umeme wake, yaani volti 3.5. Kihisi chenu kinatoa 3.3. Kwa hiyo hata kikisomeka, hamna nafasi ya ziada, na mota ikianza kuzunguka na kutupa kelele za umeme kwenye nyaya, mazungumzo yanakatika. Hii ndiyo sababu kinaonekana leo na kesho hakionekani.

Tiba zipo mbili. Mnaweza kutafuta kibao kidogo cha kubadilisha volti kati ya 5 na 3.3, kile chenye njia mbili au nne za data, na kukiweka katikati. Au mnaweza kubadilisha ubongo wa roboti na kutumia ESP32, ambayo huzungumza kwa volti 3.3 tangu mwanzo. Humo SDA kwa kawaida ni pini 21 na SCL ni pini 22. Mimi ningechagua ESP32, kwa sababu inaondoa tatizo lenyewe badala ya kulizunguka. Kumbukeni tu kuhakikisha kwamba kibao chenu cha kuendeshea mota kinakubali amri za volti 3.3.

Kelele za mota nazo zishughulikiwe hata mkibadilisha ubongo. Lehemuni kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 0.1 kati ya ncha mbili za kila mota, karibu kabisa na mota yenyewe. Nyaya za mota zisokotwe pamoja na zipite upande mmoja wa roboti, na nyaya za kihisi zipite upande mwingine, zikiwa fupi. Mimi sipendi zizidi sentimita 20. Hasi ya betri, hasi ya kibao cha mota na hasi ya Arduino ni lazima zikutane, lakini zikutane mahali pamoja karibu na betri, ili mkondo mkubwa wa mota usipite katika waya ule ule mwembamba ambao kihisi kinautegemea kama sifuri yake. Kisha inueni roboti magurudumu yaelee hewani, endesheni programu ya kutafuta vifaa vya I2C, muone kama anwani 0x17, ambayo ni ya kihisi chenu, inaonekana mota zikiwa zimezimwa. Washeni mota. Ikiendelea kuonekana kwa dakika kadhaa bila kupotea, mmeshinda.

Neno moja kuhusu betri hizo, ambalo silisemi kwa kupita. Seli za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta zinaweza kushika moto zikigusanishwa ncha. Mbili zikiungwa mfululizo hutoa volti 8.4 zikijaa. Wekeni kibao cha ulinzi na fyuzi kabla ya kufunga kitu kingine chochote, na msizichaji usiku mkiwa mmelala.

Dalili ya pili inanifurahisha, kwa sababu namba mliyonipa inatosha kueleza yote. Kihisi kikiwa mbali na kitovu cha mzunguko, roboti ikijizungusha palepale, chenyewe kinachora duara. Baada ya nusu mzunguko kinakuwa upande wa pili wa duara hilo, na umbali kutoka kilipoanzia ni kipenyo chake. Kama kinasema 12, basi kiko sentimita 6 kutoka kwenye kitovu, na kinasema kweli kuhusu safari yake chenyewe. Kinachotakiwa ni kukiambia mahali kilipofungwa, kwa amri ya kuweka ofseti. Pimeni kwa rula kutoka katikati ya ekseli ya magurudumu mawili yanayoendesha, si kutoka katikati ya bodi ya mbao, maana roboti ya aina yenu hujizungusha juu ya ekseli. Angalieni pia vipimo: maktaba yake huanza na inchi, kwa hiyo sentimita 6 ni inchi 2.36, au mbadilishe iwe mita na muandike 0.06. Kujua kama ofseti iwekwe kwenye X au Y, sukumeni roboti mbele kwa mkono na mtazame ni namba ipi inayobadilika.

Kuhusu pembe inayojiongeza, niambieni: mnapowasha, roboti iko mkononi au sakafuni? Jairoskopu yoyote huwa na kosa dogo hata ikiwa imetulia, na kihisi hulipima kosa hilo mnapotoa amri ya kukisawazisha, kwa kuchukua sampuli 255 katika muda wa sekunde 0.6 hivi. Roboti ikitikisika katika muda huo, mtikisiko unahesabiwa kuwa ndio utulivu, na kuanzia hapo roboti iliyotulia itaonekana inageuka. Iwekeni sakafuni, mwondoe mikono, na programu isubiri sekunde 2 kabla ya kutoa amri hiyo.

Yakiisha hayo, rekebisheni vipimo, mkianza na pembe, kwa kuwa pembe ikikosea hata mstari ulionyooka hupinda. Zungusheni roboti mara 10 kamili, yaani nyuzi 3600. Ikisomeka pungufu kwa nyuzi 18, gawanyeni 3600 kwa 3582 mpate kizidisho cha pembe, 1.005. Kisha isukumeni mita 2 kando ya tepu ya fundi seremala. Ikisema sentimita 194, kizidisho cha umbali ni 200 kwa 194, yaani 1.031. Rudieni mara tano na mchukue wastani. Vizidisho hivyo, pamoja na ofseti, hupotea umeme ukizimwa, hivyo viandikwe ndani ya programu mwanzoni.

Kihisi kifungwe kikiwa sambamba na sakafu, kwa urefu wa kati ya milimita 10 na 27. Kwa vumbi la Arusha wakati wa kiangazi, kifuteni kwa kitambaa laini kikavu kila kabla ya kazi, na mpime juu ya sakafu ile ile mtakayoitumia, iwe ya saruji, ya vigae au yenye zulia.

SWALI: Mheshimiwa mwalimu, niko Old Moshi. Nataka roboti ipite kati ya mistari ya mibuni katika kihamba cha babu (shamba la nyumbani lenye kahawa na migomba), nafasi yake ni mita 2 na nusu. Je, kipokezi cha GPS cha bei nafuu, aina ya NEO-6M, kinanitosha?

JIBU: Hakikutoshi, ndugu yangu. Kipokezi hicho hukosea kwa mita mbili au zaidi hata mahali penye anga wazi, na chini ya migomba kosa huongezeka, kwa hiyo roboti itadhani iko kwenye mstari wa jirani. Kipo kifaa cha aina ya RTK kinachofikia usahihi wa sentimita, lakini kinahitaji masahihisho kutoka kituo cha pili kilichosimama mahali panapojulikana, bei yake ni kubwa, na majani mazito hukisumbua pia. Kwa kazi yako ningefunga vihisi viwili vya umbali, kimoja kila upande, ili roboti ijiweke katikati ya mashina kwa kuyapima. Na kwa kuwa ardhi ya kihamba ina majani makavu na mabonde madogo, usitumie kihisi cha leza cha kutazama sakafu nilichomweleza kijana wa Sakina.