Kusawazisha uandishi katika jarida la mtindo wa maisha

Ndugu mhariri, nimeelewa kwamba waandishi wenu wa kujitegemea huleta makala ambazo tarehe, vipimo na vichwa vyake vimeandikwa na kila mmoja kwa namna yake, na kwamba muda wenu huishia katika kusawazisha mambo hayo badala ya kuboresha maudhui.

Msianze kwa kuandika kitabu kizima cha kanuni, kwa maana hakuna atakayekisoma. Pitieni matoleo yaliyopita, orodhesheni yanayogongana mara kwa mara, kisha amueni moja baada ya jingine: namba zipi ziandikwe kwa tarakimu, majina ya filamu yawekwe katika italiki au ndani ya alama za kunukuu, na mtu aitweje anapotajwa mara ya pili. Kurasa za mapishi zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kijiko cha chakula nchini Australia ni mililita 20 ilhali kwingi ni 15. Kwa hiyo tumieni gramu na mililita, na viambato viorodheshwe kwa mfuatano wa kutumika.

Fonti na nafasi ziwekeni kwenye kiolezo. Matangazo ya kulipiwa yatenganishwe waziwazi na makala. Hapo, kwa maoni yangu, hakuna mjadala. Makala za afya zipitiwe na daktari, na picha za watu, hasa watoto, ziwe na ridhaa ya maandishi; penye shaka, muulizeni mwanasheria kabla kurasa hazijakwenda mtamboni.