Anayedai ndiye wa kuonyesha

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mtu anakudai deni usilolikubali, ukimwomba uthibitisho anakwambia "subiri nitatafuta", kisha baada ya muda anarudi kudai tena. Ufanyeje? Jibu langu: usimpe hata shilingi moja ya kumnyamazisha mpaka uone karatasi, na karatasi hiyo uiombe kwa maandishi.

Nina duka la vyakula Langoni, hapa Amu, yaani kisiwani Lamu. Wenzangu wa biashara wanajua mzigo wetu unavyosafiri: lori linashusha Mokowe, upande wa bara, mashua inavusha, wachukuzi wanapakia punda gatini, ndipo magunia yafike dukani. Hapo katikati yamepita mikono mingi. Muuzaji wa jumla aliponipigia simu kwamba nimebakisha pesa za sukari ya mizigo miwili, nilimuuliza jambo moja tu: nani alipokea, na hati ya kupokelea ina sahihi ya nani? Alichokuwa nacho ni jumla iliyoandikwa kwenye daftari lake mwenyewe. Hiyo haitoshi.

Watu watakwambia dawa ya deni kulipa. Kweli, lakini deni lenyewe kwanza lijulikane. Kwetu Waislamu jambo hili lilikatwa zamani: ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekana. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, nayo inamtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayetaka mahakama impe haki. Basi usikubali kugeuziwa kibao ukaambiwa "wewe nionyeshe kwamba hukuchukua".

Hili la kulipa kidogo kidogo ndilo linaloumiza watu, nawaomba mlisome vizuri. Madai ya mkataba yana miaka 6 ya kupelekwa mahakamani. Ukilipa sehemu, au ukiandika na kutia sahihi kwamba deni ni lako, miaka hiyo inaanza kuhesabiwa upya. Na hata kama deni ni la juzi, elfu mbili ulizotuma kwa M-Pesa ili upate amani zitaletwa mbele ya hakimu kuonyesha kwamba ulikiri. Vivyo hivyo ule ujumbe wa "nivumilie, nitakutumia kitu mwisho wa mwezi". Usiuandike.

Barua yangu ilikuwa hivi: "Ndugu, baada ya salamu, deni unalonidai silikubali mpaka nione uthibitisho. Naomba nakala za ankara za mizigo yote miwili, hati za kupokelea zenye sahihi, na hesabu ya malipo yote niliyokwisha kukulipa. Tafadhali niletee kabla ya mwisho wa mwezi huu." Nilimtumia picha yake kwa WhatsApp, na karatasi yenyewe nikamkabidhi mtu wake gatini, akatia sahihi kwenye nakala yangu. Halafu nikatoa taarifa yangu ya M-Pesa na kupigia mstari kila malipo niliyomfanyia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na habari hiyo lazima uwe nayo wewe pia.

Anayekudai akiwa benki au programu ya mikopo ya simu, wapinge kwa maandishi na pia wapinge kwenye shirika la taarifa za mikopo, CRB. Una haki ya kuona kilichoandikwa juu yako.

Akinyamaza, mkumbushe kwa maandishi, bila matusi, wala usimtangaze barazani. Yeye akikutangaza, mwite mzee wa mtaa mkae watatu, umwombe karatasi mbele yake. Akitaka mahakama, aende: Mahakama ya Madai Madogo ipo kwa sheria ya 2016 na husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Huko nako ataulizwa ushahidi.

Linalotusumbua wengi hapa ni kufa na deni. Mazikoni jamaa husimama wakatangaza kwamba anayemdai marehemu awaone watu wake. Nawajua watu waliolipa wasichowiwa kwa hofu hiyo, na hofu yao naiheshimu kwa sababu ninayo. Nilichofanya ni kuandika katika wasia wangu kwamba fulani ananidai kiasi hiki, kwamba nilimwomba uthibitisho tarehe fulani, na kwamba akiuleta, watoto wangu wamlipe kabla ya kugawana chochote. Nafsi yangu ilitulia kuliko ambavyo ingetulia kwa kulipa.

Karatasi za mzigo mmoja zilikuja hatimaye. Sahihi ilikuwa ya mpwa wangu, naijua. Nililipa siku ile ile, na risiti nikataka iandikwe "deni la mzigo huu limekwisha". Za mzigo wa pili hazijaja na sijalipa. Bado tunafanya biashara. Tofauti ni kwamba sasa mzigo wangu hauondoki Mokowe bila hati yenye jina la aliyeupokea, na nakala moja hubaki kwangu.